Si Uchache wa Chuma, Ni Washikaji Wake

Mpwa wangu alirudi kutoka kliniki akiwa na mimba ya miezi sita na karatasi yenye namba moja iliyozungushiwa kalamu nyekundu: 9.2. Aliambiwa damu yake ni ndogo, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akatakiwa arudi baada ya mwezi. Kufika nyumbani, baraza likaketi. Shangazi akaagiza rozela ichemshwe mpaka ikolee. Jirani akaapa kwa bitiruti. Mwingine akasema dawa ni majani ya mparachichi, maana yakichemka maji yake yanakuwa mekundu kama damu yenyewe. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akatoa simu, akatusomea orodha ya vyakula "vyenye chuma kingi", kila kimoja na miligramu zake.

Mimi nilikuwa namtazama mpwa wangu. Alikuwa anameza kidonge chake kwa kikombe cha chai ya rangi, "kisije kikanitapisha, mjomba." Mkono wa pili ulishika kipande cha udongo wa pemba aliokuwa akiumega kidogo kidogo, kwa sababu udongo nao, alivyoambiwa, una madini. Kidonge kilikuwa na chuma cha kutosha. Chai na udongo vilikuwa vinakisubiri njiani.

Ugomvi wangu si na shangazi, wala si na fundi cherehani. Ni na fikra moja iliyowakalisha wote kwenye mkeka mmoja: damu ikipungua ni chuma kimepungua, na chuma kikipungua dawa yake ni kuongeza chuma. Fikra hiyo haikai barazani peke yake. Iko kwenye matangazo ya unga wa lishe, na iko hata mezani kwa baadhi ya wasomi wanaohesabu miligramu kama karani wa ghala anavyohesabu magunia. Inakichukulia chuma kama mchele: kilo ni kilo, popote ulipo.

Nasema si hivyo. Chuma ndani ya mwili hakina faida yake chenyewe wala madhara yake chenyewe. Vyote viwili vinategemea kimeshikwa na nani. "Kiasi gani?" ni swali la pili. La kwanza ni "kiko mikononi mwa nani?" Anayelirukia la pili bila kujibu la kwanza anaweza kumwaga chuma kila siku na damu isipande, na mahali pengine anaweza kuua.

Wanakemia waligombana juu ya jambo hili kabla yetu, na inafaa tujue nani alishinda. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa na chumvi za kobalti na amonia ambazo ziliwatoa jasho. Viungo ni vile vile, kobalti, klorini na amonia, lakini rangi na tabia zilibadilika kila walipogusa uwiano. Bingwa wa fani hiyo, Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, alieleza kwamba amonia zimeshikana mnyororo, moja nyuma ya nyingine. Mwaka 1893 kijana wa miaka 26 aliyekuwa Zürich, Alfred Werner, akampinga. Metali, alisema, inakaa katikati, na kuizunguka kuna idadi maalumu ya nafasi. Kwa kobalti hii ni sita, mfano wa viti kuzunguka meza. Kilichokaa kitini kimeshikwa, kilicho nje ya duara kinaelea tu.

Ushahidi wake ulikuwa rahisi. Nitrati ya fedha hunasa klorini iliyo huru, lakini ile iliyokaa kitini haiikamati kwa urahisi. Penye amonia sita, klorini zote tatu zilinaswa. Penye tano, zilinaswa mbili. Penye nne, moja. Kila amonia iliyoondoka kitini, klorini moja ilikaa mahali pake.

Kisha akaingia kwenye hatari. Hoja yake ilitabiri kwamba chumvi yenye amonia nne lazima iwe na sura mbili: moja ambayo klorini zake mbili zimekaa zikitazamana, na nyingine ambayo zimekaa ubavu kwa ubavu. Iliyojulikana ni ya kijani peke yake. Ya pili ilikuwa wapi? Wapinzani walimshikia hapo hapo, kwa haki kabisa. Ilimchukua Werner hadi mwaka 1907 kuipata, nayo ilikuwa ya zambarau. Hesabu ya atomu ni ile ile, gramu ni zile zile, lakini kitu ni kingine. Jørgensen, mzee wa watu, alipoiona alikubali kwamba ameshindwa. Mwaka 1913 Werner akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Hicho kinachokaa kitini wanakemia wanakiita ligandi. Mimi nitakiita mshikaji, kwa maana zote mbili: anayeshika, na yule rafiki wa kijiweni ambaye ukimjua yeye umeshaijua tabia ya mwenzake. Tena si kwamba mshikaji anaitia metali rangi tu. Dawa ya saratani iitwayo cisplatin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ni platinamu yenye klorini mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu na amonia mbili ubavuni mwake. Zikalishe klorini zile zile zitazamane, na dawa inakosa kazi. Mgonjwa aliyewekewa platinamu iliyopangwa vibaya hapati nafuu kwa kuambiwa miligramu zake zimetimia.

Tukiwa na hilo mkononi, turudi barazani. Tuanze na rangi, maana ndiyo hoja nyepesi kuliko zote.

Wekundu wa rozela unatokana na anthosianini, wa bitiruti unatokana na betanini. Ni molekuli za mimea ambazo hazijajengwa kwa chuma. Wekundu wa damu ni habari nyingine: chuma kimekaa katikati ya pete iitwayo hemu, kimeshikwa na atomu nne za naitrojeni, kiti cha tano kikishikiliwa na protini kwa chini, na kiti cha sita kimeachwa wazi kwa ajili ya oksijeni. Pete inayofanana sana na hiyo iko kwenye mchicha, lakini katikati yake pamekaa magnesiamu, na ndiyo klorofili, ndiyo maana mchicha ni wa kijani. Na kama rangi ingekuwa ndiyo damu, pweza wa Forodhani angekuwa amekufa zamani. Yeye hubeba oksijeni yake kwa shaba, na damu yake ni ya buluu.

Mtu atasema: lakini fulani alikunywa bitiruti, akapimwa, damu ikapanda. Yawezekana. Bitiruti ina foleti, na damu haitengenezwi bila foleti. Ila mtu huyo alikuwa akimeza na vidonge, akala vizuri zaidi kwa kuwa nyumba nzima ilimwangalia, na akapimwa tena baada ya wiki sita. Sifa zote akapewa kinywaji chenye rangi.

Kama bado kuna anayeamini kwamba wingi wa chuma na wekundu wa damu ndiyo uhai, nimpeleke kwenye chumba kilichofungwa madirisha usiku wa baridi, jiko la mkaa likiwaka ndani. Habari hizi tunazisikia kila mwaka, na kila mwaka tunazika. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo hukaa kwenye kile kiti cha sita, na inakishika chuma kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mpime marehemu: chuma chake chote kipo, haijapungua hata miligramu moja. Tena damu yake ni nyekundu ya kung'aa kuliko ya aliye hai. Kilichobadilika ni mshikaji mmoja tu.

Hapo hoja ya rangi imekufa. Hoja ya miligramu ni ngumu zaidi, kwa sababu imevaa koti jeupe.

Anayechota maji ya kisima kirefu anajua kioja kimoja. Maji yanatoka meupe safi, yakikaa kwenye ndoo mpaka asubuhi yanageuka kahawia na kuacha tope la kutu chini. Chuma kilikuwemo tangu mwanzo, kikiwa kimeyeyuka. Kilipokutana na hewa kikabadilika, kikakosa wa kukishika, kikaganda. Tumboni mambo ni hayo hayo. Asidi ya tumbo hukiyeyusha chuma, lakini kikivuka kuingia utumbo mwembamba, ambako asidi inapungua, kinaelekea kugeuka kutu kabla ya kupita ukutani. Kinachoamua ni nani atakayekidaka katika safari hiyo fupi.

Wapo wanaokidaka ili wakifiche. Mahindi, maharage na nafaka zetu nyingi zina fitati, molekuli yenye mikono sita ya fosfati, na ikikikumbatia chuma hutoka nacho hadi chooni. Chai ina tanini, na kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Udongo wa mfinyanzi nao una uso mpana wa kunasia metali, kwa hiyo anayeutafuna ili apate madini huenda anayapoteza aliyokuwa nayo, achilia mbali risasi na mayai ya minyoo yanayoweza kuja nao. Hamu ya udongo, kwa kejeli kubwa, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma wenyewe. Tunaitibu njaa kwa kumlisha mwizi.

Wapo pia wanaokidaka ili wakisindikize. Vitamini C ya ndimu, pera au embe hukirudisha chuma kwenye hali inayoyeyuka na kukishika kwa wepesi, mkono wa kirafiki unaoachia mlangoni. Na chuma cha nyama, maini na samaki, kwa ile sehemu yake iliyo hemu, hakihitaji hata hisani hiyo. Kinaingia kikiwa bado ndani ya pete yake ya hemu, fitati inakipita hivi hivi. Ndiyo maana kati ya asilimia 15 na 35 ya chuma cha hemu hufyonzwa, wakati cha mboga na nafaka kinaweza kushuka hadi asilimia 2. Orodha ya fundi cherehani haikuwa ya uongo. Ilikuwa inasema kilichomo sahanini, ikanyamaza kuhusu kitakachoingia damuni.

Msomi wa miligramu atanijibu kwamba haya ni mambo ya maabara, na kwamba ukiongeza chuma vya kutosha kwenye unga wa taifa zima, kitapenya tu. Jibu halipo Zürich. Lipo Marafa, nyuma ya Malindi, pwani ya Kenya. Huko watoto 516 wa miaka 3 hadi 8 walinyweshwa uji wa dona kwa miezi mitano, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2007. Kundi moja uji wao uliwekwa chuma cha unga kilichotengenezwa kwa umeme, miligramu 56 katika kila kilo ya dona. Kundi jingine uji wao uliwekwa miligramu 56 zile zile, ila chuma kilikuwa kimeshikwa na EDTA, mshikaji wa kutengenezwa kiwandani mwenye mikono sita, ambaye hakiachii chuma kinyakuliwe na fitati. Watoto wa EDTA waliboreka katika kila kipimo cha chuma kilichochukuliwa. Wale wa chuma cha unga hawakuboreka katika kipimo hata kimoja.

Mahindi yale yale, sufuria ile ile, miligramu zile zile. Karani wa ghala angeandika kwamba makundi yote mawili yamepokea mzigo sawa, akafunga daftari na kwenda kula. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza chuma cha EDTA kwa unga usiokobolewa, penye fitati nyingi. Na ndiyo maana mnunuzi wa unga ulioongezwa virutubisho anapaswa kusoma kwenye mfuko ni chuma cha aina gani, si miligramu ngapi tu. Serikali inayokagua miligramu bila kukagua mshikaji inaweza kupewa vumbi la chuma na kulipigia muhuri.

Hapa ndipo wapenzi wa asili hunirukia. "Babu zetu walikula dona, mtama na maharage, wala hawakuijua EDTA." Ni kweli, na hoja yao ina nguvu kuliko wanavyojua wenyewe. Bibi zetu hawakuila nafaka hivi hivi. Waliilowesha, waliichipusha wakapata kimea, waliichachua wakapata togwa. Nafaka ikilowa na kuchipua huamsha kimeng'enya chake chenyewe kinachoivunja fitati mkono mmoja baada ya mwingine, na uchachu unakisaidia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Walipomaliza kupika mchicha, walikamua ndimu. Hiyo ilikuwa kemia ya washikaji, imefanywa jikoni bila daftari. Tulichokiita maendeleo ni kubaki na nafaka, tukatupa jungu la kuchachulia, kisha tukateremshia mlo kwa chai. Kwa hiyo anayeitetea asili aitetee yote, pamoja na kazi yake. Nafaka peke yake haikuwahi kuwa lishe ya bibi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba tatizo ni chuma kutoingia. Kosa kubwa zaidi la fikra ninayoipinga liko ndani ya mwili wenyewe.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma, na karibu theluthi mbili ziko kwenye hemoglobini. Kila siku anafyonza miligramu 1 hadi 2 tu, wakati utengenezaji wa damu mpya unahitaji zaidi ya 20. Zinazobaki zinatoka wapi? Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, zikizeeka zinavunjwa na chuma chake kinatumika tena. Uchumi wa damu, basi, unategemea mzunguko kuliko uagizaji. Na katika mzunguko huo chuma hakiachwi kutembea peke yake hata dakika moja. Njiani kinashikwa na transferini, inayobeba atomu mbili kila safari. Ghalani kinafungiwa ndani ya feritini, mtungi wa protini unaoweza kumeza atomu hadi 4,500.

Ulinzi wote huo wa nini? Kwanza, chuma kisicho na mshikaji kinachoma. Kikikutana na haidrojeni peroksidi, ambayo seli huzalisha kila wakati, hutoa vipande vikali vinavyorarua kuta za seli na vinasaba, mchakato ulioanza kujulikana tangu kazi ya Henry Fenton mwaka 1894. Mtoto mdogo akimeza konzi ya vidonge vya mama yake vya kuongeza damu anaweza kufa, na amekufa kwa chuma kile kile tunachokiita uhai. Vidonge hivyo viwekwe juu, mbali na mikono yao.

Pili, kuna wezi. Vijidudu navyo haviwezi kuishi bila chuma, na vingi vimebuni washikaji wao. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli hutengeneza enterobaktini, molekuli ndogo ambayo hushika chuma kwa nguvu isiyo na mfano katika viumbe, inatumwa nje kama kibaka na kurudi na windo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwili unajua, kwa hiyo maambukizi yanapoingia ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo inafunga milango: chuma hakitoki ghalani, na cha chakula hakivuki utumbo. Damu itapungua, mwili unajua hilo pia. Unachagua kuishi na damu kidogo kuliko kumlisha adui.

Ukimpima mtu wa namna hiyo, malaria inamsumbua au ana kidonda kisichopona, utakuta damu imeshuka. Fikra ya karani inasema: ongeza chuma. Lakini ghala limejaa. Mlango umefungwa kwa makusudi, na wewe unarundika magunia nje, kwenye mtaa wenye wezi. Wahenga walishasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Mtama ulishamwagwa. Katika kisiwa cha Pemba, watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa. Baadhi walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine walipewa hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na kitu. Nia ilikuwa njema na fikra ilikuwa ile ya kawaida: watoto hawa wana damu ndogo, waongezwe chuma. Agosti 2003 wasimamizi wa usalama waliyasimamisha makundi ya chuma. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa hospitali kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2006, na kisiwa kidogo cha karafuu kikaulazimisha ulimwengu kuandika upya miongozo yake.

Nisieleweke vibaya. Ndani ya jaribio hilo hilo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa kwa undani zaidi, na huko watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu ndogo walinufaika. Chuma si adui. Adui ni kukimwaga bila kuuliza ghala liko wazi au limefungwa. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linataka chuma cha watoto katika maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Chandarua nacho, kwa hesabu hiyo, ni dawa ya damu.

Watu wenye selimundu wanaonewa na fikra hii kuliko wote. Tanzania iko kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Damu yao ni ndogo kwa sababu chembe zinavunjika mapema, na chuma chake kinabaki mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi ana mzigo zaidi, maana kila chupa huleta miligramu 200 hadi 250, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuitoa ziada hiyo. Inarundikana kwenye ini na moyo. Kumpa mtu huyo vidonge vya chuma kwa kuwa "damu imeshuka", bila kipimo kinachoonyesha kwamba kweli chuma kimepungua, ni kumwagia maji aliyezama. Anachohitaji wakati mwingine ni mshikaji wa kukitoa. Dawa moja ya kazi hiyo, deferoksamini, haikubuniwa na daktari. Ni kifaa cha bakteria wa udongoni, Streptomyces pilosus, alichokiunda kwa ajili ya kunyakua chuma. Kibaka amepewa sare ya mlinzi.

Sasa nalisikia swali: mwandishi huyu anawaambia wajawazito waache vidonge? Hapana, na atakayesema nimesema hivyo ananisingizia. Mjamzito anamjenga mtu mwingine kwa damu yake, na vidonge anavyopewa kliniki vina sababu nzito. Avimeze vyote. Ninachopinga ni kumkabidhi kidonge na kumwacha akimeze kwa chai. Ninachopinga ni kuandika "damu ndogo, ongeza chuma" bila kuangalia kama kuna malaria, minyoo, selimundu, au foleti iliyokwisha. Maneno manne, "usimeze kwa chai, dada," hayagharimu bajeti ya wizara yoyote.

Jioni ile nilimwambia mpwa wangu asogeze chai saa mbili mbali na kidonge, ameze kwa maji au juisi ya pera, na udongo aupeleke kliniki auonyeshe badala ya kuutafuna kwa siri. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani.

"Kwa hiyo rozela yangu nimwage?"

"Usimwage, shangazi. Inywewe kwa utamu wake. Usiiite damu tu."

"Na mchicha?"

"Mchicha ule, tena ukamulie ndimu, na ukipata dagaa uwatie."

Akanitazama kwa muda, kisha akacheka. "Miaka yote hiyo shuleni, mwanangu, umekuja kunifundisha kukamua ndimu? Bibi yako alikuwa hali mchicha bila ndimu."

Sikubisha. Nilimuuliza tu ni nani kati yetu aliyeacha kuikamua, na lini. Hakunijibu. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia kisu kikigonga ubao.